Mkata Ardhi Ataichimba

Mkata ardhi ataichimba. Mmenisikia nikimwambia hivyo mwanafunzi mwenzenu asubuhi, alipotaka kukata waya ndani ya plagi, na baadhi yenu mkacheka, mkidhani mzee ameanza kuchanganya mambo ya shamba na ya umeme. Sichanganyi. Methali hii haikutoka shambani. Ilizaliwa hapa hapa Kilosa, katika ukumbi wa kwaya, nami nilikuwepo ilipozaliwa. Wekeni bisibisi chini mnisikilize, maana leo nina hasira na sitarudia.

Kwaya yetu ilinunua amplifaya kubwa ya kufungwa kwenye raki, ile fremu ya chuma ambamo vyombo hupangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa kwa skrubu. Mimi nilikuwa mtunza ukumbi, na umeme nikiujua kiasi. Kazi ya kuifunga alipewa Gaudensi, fundi wa redio mwenye jina mjini, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno.

Mgongoni mwa raki palikuwa na tundu la kupitishia waya wa umeme, kingo zake kali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Tundu la namna ile huvalishwa mpira, ili chuma kisiule waya. Gaudensi hakulivalisha. Alisema mpira ataleta kesho. Ile kesho yake mpaka leo haijafika.

Akawasha. Spika zikavuma, mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya mzinga. Sababu ilikuwa wazi. Amplifaya aliichomeka nyuma ya jukwaa, na meza ya kuchanganyia sauti akaichomeka huko mlangoni, kwenye soketi nyingine kabisa. Dawa yake ilikuwa kuvuta waya mmoja mrefu, vyombo vyote viwili vichomekwe mahali pamoja, na waya za sauti zitengwe na za umeme. Ni kazi ya saa mbili. Lakini wageni wa uzinduzi wa vyombo vyetu walikwisha kuanza kuketi, na mwenyekiti wa kwaya kila mara alikuja kuuliza, "Fundi, hiyo kelele vipi?"

Gaudensi akachomoa plagi ya amplifaya, akaifungua, akashika ule waya wa kijani wenye mstari wa njano. Mafundi wa hapa tuliuita ardhi, basi, kwa kuwa ndio unaokwenda ardhini. Umeme ukipotea njia ukaligusa bodi la chuma la chombo, waya huo huuteremsha chini, fyuzi ikakatika, mtu akapona. Hauchezeshi muziki, hauwashi taa. Kazi yake ni roho ya mtu tu.

"Gaude, unakata ardhi?" nikamuuliza.

"Kelele inapitia humu, kaka Poli."

"Na umeme ukipotea, utapitia wapi?"

"Wewe fagia ukumbi, kaka. Miaka kumi nafunga muziki, nimeshaua nani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndiyo, mimi huyu mnayeniamkia shikamoo kila asubuhi, nilicheka ili nisionekane mjuaji. Akakata ule wa amplifaya, mvumo ukapungua. Akakata na wa meza ya sauti, mvumo ukaisha kabisa. Mwenyekiti akampigia makofi. Vile vipande viwili vya waya nilivifagia mimi pamoja na maganda ya karanga.

Mwimbaji wetu mkuu alikuwa Yusta, binti wa miaka ishirini na minne, mtoto pekee wa mama yake. Alikuwa na desturi ya kuvua viatu kila anapoimba. Alisema akivaa viatu sauti yake haishuki vizuri. Tulimtania sana kwa hilo, na yeye alitujibu kwamba miguu ni yake na sakafu ni ya kwaya.

Wiki tatu zilipita. Kila besi ilipopigwa, raki ilitikisika, na ule ukingo mkali ukazidi kuutafuna waya. Jumamosi moja alasiri, wakati wa mazoezi, mvua ilikuwa imepiga madirishani na saruji ya jukwaa ikaloa. Yusta akavua viatu, akapanda, akashika maiki ya chuma. Aliimba mstari mmoja. Wa pili ulikatika katikati ya neno, na mkono wake haukuiachia maiki. Nilikimbilia swichi kubwa nikazima. Nilipofika jukwaani alikwisha kufa.

Msibani watu wakaanza yale yao. Huyu anasema ni mipango ya Mungu, yule anasema amerogwa kwa wivu wa sauti yake. Nilichemka. Mungu gani aliyekataa kuvalisha tundu mpira? Nilirudi ukumbini, nikafungua raki, nikakuta shaba imebaki uchi ikigusa chuma, na chuma kile kimeungana na maiki kwa waya za sauti. Nikachukua zile plagi mbili, nikaziweka mkekani mbele ya waombolezaji, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi.

Gaudensi alikuwepo. Akasimama, jasho linamtoka.

"Si ninyi wenyewe mlikuwa mnakerwa na mvumo?" akasema. "Mlitaka kimya."

Mama Yusta alikuwa amekaa ukutani tangu jana, hajala, hajasema. Akainuka.

"Kimya mmekipata," akasema.

Mama akaenda uani ambako wanaume walikuwa wameegesha majembe ya kwenda kuchimba kaburi. Akachagua moja, akarudi nalo, akamwekea Gaudensi mikononi.

"Uliikata ardhi, Gaudensi. Sasa utaichimba."

Mnajua taratibu zetu. Kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Mwanamume huchimba kidogo, mwenzake akampokea jembe, naye akapokewa na mwingine, mpaka shimo likatimia. Siku ile Gaudensi alichimba mpaka kiunoni, akanyoosha jembe apokewe. Wanaume walikuwa wamezunguka shimo, na hakuna mkono uliotoka. Akachimba tena. Akanyoosha tena. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu mpinini, na sikumwonea huruma. Hata leo simwonei. Serikali ilikuja kumchukua baadaye kwa sheria zake, lakini hukumu yake aliipatia mle shimoni.

Nilikuwa nimesimama na jembe langu begani, nimekaza uso, najiona mwenye haki. Mama Yusta alikuwa amefuata hadi makaburini, ameshikiliwa na dada zake. Akaja mpaka niliposimama.

"Apolinari, wewe ulimwona akikata?"

"Nilimwona, mama."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza tu."

"Halafu?"

Sikuweza kumdanganya.

"Nikacheka, mama."

Alilitazama jembe langu, kisha akalitazama shimo. Nikavua shati, nikashuka. Tulichimba wawili, bega kwa bega, na hakuna aliyetupokea mpaka kaburi la Yusta lilipotimia.

Basi anayetaka kucheka, sasa acheke. Mkata ardhi ataichimba.