Kibao Kilichosifiwa

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba ya kutengeneza vibao, katika mji wa milimani ambako ukungu huingia bila kupiga hodi. Aliitwa Bi Singano. Vibao vya mji ule vilitoka mikononi mwake: vya maduka, vya shule, vya misikiti na makanisa, hata kile cha makaburini kinachowaomba watu wasichunge mbuzi humo. Mgeni angeweza kuzunguka mji mzima akiongozwa na mkono wa mama huyo, na asijue kamwe kwamba yupo.

Nyumba yake ilikuwa na desturi moja. Kibao hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha siku rangi ilipokauka. Aliyekichora alikipeleka mwenyewe kwa miguu hadi mahali pake, akakisimamisha, kisha akakaa kando akanyamaza. Akipita mtu asiyemjua, akakisoma, akafuata kinachosema, hapo ndipo mchoraji aliporudi nyumbani na kutamka, "Kimesomwa." Basi. Bi Singano hakuwa na swali la pili. Aliamini kwamba hakuna awezaye kumdanganya kwa neno hilo kabla hajajidanganya mwenyewe.

Wakaja wanafunzi wawili kutoka chuo cha sanaa, waliokuwa wakisomea usanifu wa michoro. Walikuja kuijua kazi kwa vitendo. Fildi, kama mnavyoiita wenyewe. Mmoja aliitwa Mhina, kijana mpole mwenye jicho kali. Wa pili aliitwa Pendaeli, binti aliyeambiwa tangu darasa la kwanza kwamba ana kipaji, na kweli alikuwa nacho. Bi Singano aliwaambia kuwa macho yake yameanza kuchoka. Yule ambaye kibao chake kitakamilika kwa desturi ya nyumba ile, huyo atabaki kufanya naye kazi. Pendaeli alilisikia hilo kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Tangu saa hiyo hakutaka kitu kingine duniani.

Mhina alipewa kibao cha mashine ya kusaga nafaka. Aliketi mbele ya kompyuta akachagua mwandiko, akaufuta, akachagua mwingine. Herufi moja ilimkaa vizuri, ya pili ikamnyima raha. Alichora hindi, akalipunguza punje, akazirudisha. Kila alipoulizwa alijibu kwa adabu, "Bado kidogo tu, mama." Mwenye mashine alichoka kungoja, akaokota mkaa, akaandika UNGA kwenye bati la mlango wake, na watu wakaja na mahindi yao. Kibao cha Mhina kingali ndani ya kompyuta hadi leo, na nasikia ni kizuri ajabu. Tumwache humo. Wengi wetu tunakaa naye nyumba moja.

Pendaeli alipewa kibao cha zahanati. Juu ya mji ule barabara inagawanyika. Njia ya kulia inapanda mpaka zahanati. Njia ya kushoto inateremka kwenye mashamba ya chai, inapinda na kupinda tena, na mwisho wake ni korongo. Kibao cha zamani kilikuwa kimeoza na kuanguka. Wenyeji hawakukihitaji, lakini zahanati ile ilipokea watu wa vijiji vya ng'ambo ya mlima, na mgonjwa mgeni hana muda wa kupotea. Hayo yote Pendaeli aliambiwa. Aliyasikia pia.

Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Kioo hicho, ndugu zangu, kina mwanga wake chenyewe, na hakuna rangi iliyo hafifu mbele yake. Kila kitu ndani yake kinang'aa. Alichora mama amembeba mtoto, kwa rangi ya maziwa, na rangi ya majivu, na buluu nyepesi iliyokaribia kuwa si rangi. Jina la zahanati aliliandika kwa herufi nyembamba, nyeupe, zikielea chini ya miguu ya yule mama kama pumzi ya mtu wakati wa baridi. Mshale ulimkera. Aliuona unaharibu kazi nzima, akaugeuza kuwa ncha ya kanga ya yule mama, ikipeperuka kuelekea kulia. Alipomaliza alikaa akakitazama, na moyo wake ukatulia kwa furaha. Si kosa kufurahia kazi yako; nisije nikaeleweka vibaya.

Alikihamishia kwenye bati kwa rangi zile zile, akakipeleka njia panda siku ya jua, akakisimamisha, akakaa kando. Watu wakaanza kusimama. Mwanamke mmoja alitua tenga lake la mboga ili atazame vizuri. Mwalimu wa shule ya jirani alikipiga picha kwa simu. Mzee mmoja akasema, "Haki ya Mungu, aliyechora hiki ana mkono!" Pendaeli akasahau kwamba alipaswa kunyamaza, akasema, "Ni mimi, babu." Wakampa mikono. Wakamuuliza kwao ni wapi, na wazazi wake ni akina nani. Mchana ule ulimpita kama ndoto ambayo mtu hataki kuamshwa, na katika wote waliosimama hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akienda zahanati. Hilo hakuliona. Jioni alirudi nyumbani kwa Bi Singano na kusema, "Kimesomwa," na mama yule akaitikia kwa kichwa.

Zikapita siku. Kisha asubuhi moja ukungu ukashuka, ule mzito unaokaa mpaka karibu na adhuhuri. Pendaeli aliuona dirishani na wazo likamjia kwamba kibao chake, pamoja na yule mama wake wa rangi ya maziwa, kitapendeza kuliko wakati wowote katika hali ile. Akajifunga shuka akatoka. Nyumba zilikuwa zimeondoka. Jogoo aliwika mahali pasipo na banda. Kengele ya baiskeli ilimpita karibu kabisa, na baiskeli yenyewe hakuiona. Alipanda polepole, bila woga, kama anayetembea usingizini, na alikuwa na furaha. Alijua amefika njia panda pale nyayo zake zilipokanyaga changarawe. Akainua uso.

Hapakuwa na kitu. Maziwa yalikuwa yameingia katika maziwa, na majivu katika majivu. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akakuta nguzo, akaifuata kwa vidole kwenda juu mpaka bati la baridi lililokuwa linatiririka maji. Kibao kilikuwepo. Kilikuwa juu ya kichwa chake, na yeye aliyekichora hakukiona.

Ndipo aliposikia watu wakipanda kutoka upande wa chai. Alikuja mwanamume kijana, viatu vimejaa matope, amemshika mkewe kiunoni. Na mke alikuwa mjamzito aliyefikia siku ya kujifungua, anahema kwa meno yaliyobanwa. Yule mume alifurahi kuona mtu. "Dada, wewe mwenyeji? Zahanati ni wapi? Tumeteremka huko chini mpaka njia ikatuishia. Tumerudi, na huyu hawezi tena."

Pendaeli alijibu upesi, kwa maana majivuno hutangulia akili. "Lakini kibao ni hiki hapa. Mmesimama chini yake."

Yule mume akainua uso. Alitazama kwa muda, kwa nia njema, kama mtu anayetaka kweli kuona. Kisha akamgeukia.

"Kibao gani, dada?"

Pendaeli akamsogelea yule mke. Aliushika mkono wake wa pili, akauweka shingoni mwake mwenyewe, wakapanda naye njia ya kulia. Njiani alisikia tu kuhema kule karibu na sikio lake. Wauguzi waliwapokea na mlango ukafungwa. Yeye na yule mume walikaa kwenye benchi nje, na hapo ndipo alipoelewa kwamba watu hawa walikuwa wamefika chini ya kibao chake mara ya kwanza, wakakipita, wakaenda korongoni. Aliogopa kumtazama mwenzake usoni. Walikaa hivyo mpaka mtoto akalia. Nesi alitoka akifuta mikono, akasema mama na mtoto wazima, lakini wangechelewa kidogo tu angesema maneno mengine. Yule mume alimshukuru Mungu, akamshukuru na Pendaeli pia, akimshika mikono yote miwili, na shukrani ile ilimuumiza kuliko tusi. Akalia kwa aibu.

Lakini ukungu ulikuwa haujaondoka, na njia panda ilikuwa haina mtu. Alikumbuka hilo, akakata kilio chake katikati, akashuka mbio. Akasimama penye nguzo, akaanza kuita, "Zahanati huku! Kulia, panda juu!" Aliuambia ukungu, kwa kuwa hapakuwa na uso wa kuambia. Mara nyingine nyayo zilisimama, zikageuka, zikapanda. Mara nyingine sauti ilisema, "Asante," ikapita. Hakuna aliyeuliza anayeita ni nani. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na nadhani hakuna siku katika maisha yake aliyofanya kazi ya usanifu vizuri kuliko asubuhi ile, ingawa hakuwa na kalamu mkononi.

Ukungu ulipoinuka alikiteremsha kibao, akajitwika. Waliomwona njiani walisikitika. "Jamani, kizuri hivyo unakipeleka wapi?" Alikiweka chini mbele ya Bi Singano. Alijua maneno yatakayofuata yatamgharimu nafasi aliyoitamani, akayasema hivyo hivyo, kwa ile sauti iliyobaki. "Hakikusomwa, mama. Nilisifiwa."

Bi Singano alikitazama kibao kwa muda mrefu, maana kilikuwa kizuri kweli. Alimhurumia, kuna wakati naye alikuwa binti. Kisha alisukuma mbele yake kopo la rangi ya njano, na kopo la nyeusi, na brashi pana. Pendaeli akajua kwamba hajafukuzwa.

Alipaka bati zima njano. Akaandika ZAHANATI kwa herufi nyeusi, nene, na chini yake mshale mnene kama mkono wa mtu mzima. Mhina alinyanyua uso kutoka kwenye kompyuta yake, akasema ile Z imekaa vibaya. Alisema kweli, imekaa vibaya.

Akakipeleka njia panda, akakisimamisha, akakaa kando, na safari hii akanyamaza. Ukungu ulikuwa mwepesi, unakuja na kuondoka. Watu walipita. Mwenye tenga la mboga alipita na hakutua. Mwalimu alipita na simu yake mfukoni. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mkono wa mchoraji, na Pendaeli aliumia kwa hilo. Nisingependa kuwadanganya, aliumia sana. Ndipo akatokea mwanamke kutoka ng'ambo ya mlima, mgeni kabisa, ana mtoto mgongoni anayetetemeka kwa homa. Alinyanyua macho mara moja, bila kupunguza mwendo. Akageuka kulia, akapanda, wala hakutazama nyuma. Pendaeli aliufuata mgongo ule kwa macho mpaka ukungu ukauchukua, na kifua chake kikajaa furaha ambayo mchana wote wa sifa haukuwahi kumpa, furaha isiyo na shahidi.

Basi ninyi mnaokwenda kazini kwa mara ya kwanza, na sisi tuliokwisha kuingia tukasahau tulichotumwa: mnapoisimamisha kazi ya mikono yenu njiani pa watu, mnataka wasimame, au wafike?