Chumvi Iliyofukia Kisima

Sikilizeni, na mwenye tumbo kubwa asijifanye hasikii. Ukame ulipoibana Mbuga ya Kiwere, wanyama waliponea kisima kimoja. Kila Ijumaa ilikuwa siku ya msaragambo: wote walizoa mchanga kisimani, kisha wakakaa barazani. Aliyeshika jembe aliruhusiwa kuhoji lolote, hata kumhoji Simba.

Siku moja Fisi, mlafi yule, alinusa pango lililojaa chumvi. Mbio kwa Simba.

"Shikamoo, Mfalme! Tumetajirika! Tembo wa ng'ambo watatuletea maji, sisi tuwape chumvi. Mfalme mzima na matope wapi na wapi?"

Simba kwa kupenda sifa akavimba kichwa. "Kweli kabisa. Msaragambo basi, baraza basi! Fisi, linda pango."

Wanyama wakashangilia, wapumbavu watupu! Wakalala chali wakisubiri kuletewa maji, kisima kikajaa mchanga. Kumbe Fisi alikuwa akiificha chumvi kwake na kuibadilisha kwa nyama. Maji ya tembo yakapungua. Aliyeuliza alijibiwa na Fisi, "Umechimba wapi wewe, hata uhoji?"

Watoto wa Sungura wakaugua kwa kiu, roho ikamuuma baba yao. Akamwendea Fisi, uso mkavu.

"Kaka, Simba anakuja kukagua nyumba yako. Mimi simo!"

"Mungu wangu! Nikaitupe wapi chumvi yote hii?"

"Utupe mali? Tumboni mwako nani atachungulia?"

Fisi akaona hilo ndilo neno. Akaibugia yote, na magunia akayaramba.

Sungura naye akapita mlango kwa mlango: "Majembe, jamani! Watoto wanakufa!" Wakachimba tangu alfajiri. Hata Simba, koo limemkauka, akaja kimyakimya na jembe lake. Adhuhuri maji yakachuruzika, na watoto wa Sungura wakanywa wa kwanza.

Mara Fisi huyo, ulimi nje. "Maji! Nakufa!"

"Pole, kaka," akasema Sungura. "Sisi tuliochimba tunahoji: kiu hiyo umeitoa wapi?"

"Chumvi! Nimekula chumvi yenu yote niliyoiba! Nipeni maji!"

Wanyama wakaangua kicheko. Simba peke yake hakucheka. Aliona haya, akainamisha kichwa mbele ya watoto wale.

"Nilikosea," akasema. "Pango ni la baraza. Fisi, kunywa, kisha ushike jembe."

Mwacha mila ni mtumwa.