Shauri la Mwiba wa Benchini

SHAURI NAMBA MOJA: Kuhusu Mwiba Mmoja (1) Uliodondoka Benchini Wakati wa Ibada, na Makalio Yaliyoukalia.

Paukwa! ... Watoto wameitika, wakubwa mmenyamaza. Paukwa tena! Pakawa! Haya, sasa twende.

Hapo kale wanyama walikuwa na kigango chao, kanisa dogo la kijijini. Padre wao alikuwa Korongo, na korongo mnamjua: huja mara moja kwa mwaka. Akisharuka, mpaka mwakani.

Jumapili moja Nungunungu aliinuka kuimba, mwiba wake ukabaki benchini. Mama Digidigi akakaa. Chwi!

"Yalaa! Makalio yangu!"

Nungunungu akageuka, mkono kifuani. "Po..."

"Nyamaza!" Hondohondo, katibu wa Kamati ya Usuluhishi, akamziba mdomo kwa bawa. "Ukisema pole umekiri kosa. Subiri kikao."

Nungunungu akanyamaza. Mama Digidigi akangoja pole. Akangoja. Haikuja. Akanuna.

Wiki zikapita. Wakikutana kisimani, huyu anatazama mawingu, yule anatazama kwato zake. Na Nungunungu ndiye aliyeombwa kumsimamia mtoto wa Mama Digidigi kwenye ubatizo! Gauni jeupe limeshashonwa. Padre ameshafika, anaondoka Jumapili mchana. Katekista Kobe akasema, polepole kama kawaida yake, "Mama na msimamizi hawasemezani? Hakuna ubatizo. Tuonane mwakani."

Mama Digidigi akamtazama mtoto, akalitazama gauni. Mwakani halitamwenea.

Jumamosi kamati ikakaa. Mwenyekiti Ngiri akafungua kwa sala, mbio mbio, maana ajenda zilikuwa tisa. Prr-prr-prr! Walipofika pale pa kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, Ngiri akapita. Hondohondo akapita. Mama Digidigi akakwama. Akafumbua jicho moja. Akamwona Nungunungu naye amekwama, naye amefumbua jicho moja.

"Dada," Nungunungu akanong'ona, "pole. Tangu siku ile imenikaba kooni."

"Nimeshapoa, kaka. Lakini ndugu yangu, mwili mzima ufagio, halafu unakaa benchi la mbele?"

Kwi kwi kwi!

"Utaratibu!" Ngiri akagonga meza kwa pembe zake za mdomoni. "Mmepatana kwenye sala! Kupatana ni ajenda ya saba. Nuneni kwanza mpaka tuifikie."

Ni waumini watiifu wale. Wakajaribu. Mama Digidigi akavuta mdomo. Nungunungu akavimbisha mashavu. Wakatazamana... Pwaa! Kicheko kikamwangusha Hondohondo kitini, muhtasari ukaruka huku na kule.

Kesho yake mtoto akamwagiwa maji, akampigia Padre chafya usoni. Nungunungu alimbeba kifuani, mbali kabisa na mgongo. Mama Digidigi alikagua benchi kwanza, ndipo akakaa.

Wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: Mungu hatuweki kwenye foleni tukimwomba radhi. Basi ukimkosea mwenzako, sema pole hapo hapo. Ukiambiwa pole, ipokee.

Hadithi yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe. Muhtasari wa Hondohondo unasema kamati iliwapatanisha, ajenda ya saba. Lakini kilichotokea ni kwamba Nungunungu alisema pole, na Mama Digidigi akasema nimeshapoa.