Siku Chombo Kilipopanda Mlima

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za fisi kuoa, ni zamani za juzi tu, simu zipo na baridi ipo, palikuwa na mjane akikaa nchi ya Uswidi. Jina lake Bi Mwanakombo, mzaliwa wa Pangani, mpishi mstaafu wa hospitali. Alijulikana kwa jambo moja: neno lake halirudi. Akishasema, kasema. Aliwahi kuapa kwamba haingii tena nyumbani kwa shoga yake Chausiku mpaka aombwe radhi, kwa kuwa Chausiku aliiita pilau yake uji. Basi majira yote ya baridi alikwenda kumtembelea na kunywa chai mlangoni, kajifunga koti, theluji inamwangukia kikombeni.

Akatokea mposaji. Bwana Shekiondo, dereva wa basi mstaafu, mtu wa milima ya Lushoto. Alimposa mbele ya watu, siku ya Idi, ukumbi mzima umeshika sahani.

"Bi Mwanakombo, nikuoe, tukazeekee kwetu Lushoto."

Mwanakombo akacheka. "Bwana Shekiondo, mimi mtu wa pwani, milima naitazama kwa mbali. Siku chombo kitakapopanda mlima, atakayenipandisha ndiye mume wangu."

Watu wakaangua kicheko. Lakini yeye mwenyewe moyoni hakucheka sana. Upweke ulikuwa umemchosha. Kila jioni alimimina chai vikombe viwili kwa mazoea, halafu chai ya kile cha pili akairudisha kwenye birika. Kwa upande wa pili, kitanda kilikuwa chake chote, redio ilikuwa yake, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza chumvi iko wapi. Aliyapenda maisha yale na aliyachukia, yote kwa pamoja. Ndiyo maana akaweka sharti lisilotimizika, akalala usingizi.

Kumbe kwa Waswidi linatimizika!

Kiangazi kilipoingia, Shekiondo akaja na sura ya mtu mwema. "Jumamosi twende matembezi ya boti mashambani. Chausiku naye aje, watu wasije wakasema."

Wakaenda. Boti ilifuata mfereji uliochimbwa na watu wa kale, unakatiza mashamba ya ngano na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu. Na boti ile, jamani, mwendo gani ule! Bata waliwapita. Ng'ombe waliinua vichwa, wakawatazama, wakatafuna, wakalala, wakaamka, boti bado iko mbele yao. Mwanakombo na Chausiku walikaa mbele na kikapu chao: sambusa, chupa ya chai na vikombe viwili. Vikombe vyote viwili ni vya Mwanakombo, mazoea yana taabu. Chausiku alinywea kifuniko cha chupa.

Punde wakasikia kengele ya baiskeli ukingoni. Kring! Ni Bwana Haruni, kinyozi kutoka Mombasa, mgane, kavaa kofia ya viua na suruali kaikunja magotini. Yeye naye alikuwepo siku ile ya Idi, na sharti alilisikia.

"Hamjambo! Mimi napita tu!" akasema.

"Unapita tangu asubuhi?" akauliza Chausiku, ingawa yeye ndiye aliyempa habari ya safari.

Nahodha akacheka dirishani. Naye alikuwa Mswidi mgane, mzee Torsten, aliyefundisha useremala Korogwe enzi za ujana wake. Kiswahili chake kilikuwa kimezeeka pamoja naye. "Mama Chausiku," akasema, "huyu mtu ya baiskeli iko na mapenzi." Chausiku, ambaye hana kifua cha kuweka siri, akamsimulia habari ya sharti, mwanzo hadi mwisho. Nahodha akamtazama Mwanakombo, akanyoosha shati lake.

Adhuhuri boti ikasimama. Mbele yao, kilima. Na juu ya kilima kile, maji! Yamepangwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ni chumba cha mawe chenye lango mbele na lango nyuma. Chombo kinaingia chumbani, nyuma panafungwa, maji yanafunguliwa kutoka juu, chombo kinainuka mpaka kinalingana na ngazi ya pili.

Shekiondo akasimama, akakohoa. "Bi Mwanakombo, tazama mbele. Ulisemaje siku ya Idi?"

Mwanakombo akatazama. Sambusa ikamponyoka mkononi.

Sasa sikilizeni balaa. Pale ukingoni palikuwa na duka la mikate, na mikate ya Waswidi hutiwa iliki. Harufu ikamjia Shekiondo puani. Mswahili na iliki, nani atawatenganisha? "Nakuja sasa hivi," akasema, akaruka ukingoni. Boti ikaingia chumbani, lango likafungwa pah! Shekiondo kabaki nje na mfuko wa mikate.

Balaa la pili: umeme ukakatika. Naam, Uswidi nako hukatika, msijione peke yenu. Binti mlinzi wa malango akapiga kelele kwamba anahitaji mtu mwenye nguvu wa kuzungusha gurudumu la chuma kwa mikono. Haruni akaitupa baiskeli majanini, akashika gurudumu. Maji yakaja kwa kishindo, boti ikatikisika, ikataka kujigonga ukutani. Nahodha Torsten akakaza kamba huku na usukani kule, mishipa imemtoka shingoni, boti isiguse jiwe.

Lango likafungwa, Haruni akazungusha, nahodha akashika, chombo kikapanda. Lango likafungwa, Haruni akazungusha, nahodha akashika, chombo kikapanda. Na Shekiondo anakimbia kando, ngazi kwa ngazi, mikate mkononi, anaita, "Ningojeni!"

Wakafika kileleni. Mwanakombo akaona mapaa ya nyumba chini yake, na mnara wa kanisa, na wale ng'ombe wamekuwa wadogo. Yeye aliyeogopa hata kupanda kiti kubadili balbu! Alifurahi mpaka akaona haya. Kisha akaikumbuka kauli yake, na furaha ikachanganyika na hofu.

Shekiondo akaingia botini akihema. "Haki yangu! Nani aliyekuposa? Mimi. Nani aliyejua kwamba chombo hupanda mlima? Mimi. Nani aliyekutoa nyumbani ukaja hapa? Mimi. Bila mimi ungekuwa unasikiliza redio sasa hivi."

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema Chausiku. "Chombo kinapanda, wewe unanunua mikate."

Haruni akapanda kwa nyuma, viganja vimechubuka. "Haki yangu! Chombo hakipandi, hupanda maji, nacho hufuata. Na maji nani aliyeyapandisha? Mchumia juani hulia kivulini, na mimi nimelichuma jua la leo tangu asubuhi."

"Ulisema unapita tu," akasema Chausiku.

Nahodha akavua kofia. "Haki yangu. Sharti inasema atakayenipandisha. Huyu alikuwa dukani. Huyu alikuwa nchi kavu. Mimi peke yangu nilikuwa pamoja na wewe ndani ya chombo. Nikiachia kamba, wewe uko chini ya maji."

"Na dini je?" akauliza Chausiku.

"Nilisilimu Korogwe, mama, siku zile wewe bado msichana."

Chausiku akashika kichwa. "Manahodha wengi chombo huenda mrama. Shoga, sema neno."

Mwanakombo alitazama mbele. Kilima kilikuwa kinaisha, na lango la kwanza la kushukia limekwisha kufunguliwa.

"Jibu ukiwa huku juu," Shekiondo akamsihi. "Chombo kikishuka, watu watasema hakijapanda."

Boti ikaingia. Lango la nyuma likafungwa. Mwanakombo alijiuliza kama anaogopa kuolewa au anaogopa kurudi na vikombe vyake viwili, akaona anaogopa zaidi vikombe. Akafungua chupa. Akamimina chai kikombe cha kwanza, akakiweka mbele yake. Akamimina cha pili, akakiinua. Mikono mitatu ikanyooshwa: mmoja una mkate wa iliki, mmoja umechubuka, mmoja una alama ya kamba.

Hapo ndipo nilipofika na kisa hiki, na sasa nawakabidhi ninyi. Aliyemleta hakuwemo chomboni. Aliyeyapandisha maji hakuwemo chomboni. Aliyekuwemo chomboni hakuposa, alilikuta sharti njiani, na boti angeipandisha hata kama imebeba mbuzi. Msinijibu kwamba mwanamke ainywe yote mwenyewe, maana neno la Mwanakombo halirudi. Semeni upesi, chai inapoa na maji yanashuka: je, kikombe kile cha pili alikistahili nani?