Skrini Iliyohama Dirishani

Wapendwa, mzee wa kanisa amenipa dakika tano tu. Ananijua, ndiyo maana ameketi karibu na waya wa maiki. Basi nisikizeni haraka.

Kulikuwa na jamaa mmoja, graduate, second class upper, miaka minne anapiga tarmac akitafuta kazi. Siku moja akaitwa na mama mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Kompyuta ya duka ilikuwa ya Linux, si Windows, maana Linux ni ya bure, na yule mama alipenda sana vya bure, wafanyakazi wakiwemo. Akamwambia, "Nataka skrini hizi mbili zifanye kazi kama moja. Ukiweza kabla ya lunch, kazi ni yako."

Jamaa hakuwa amegusa Linux tangu azaliwe. Akaitikia. Si hata wewe ungeitikia?

Akachomeka nyaya, skrini zote mbili zikawaka, picha safi. Moja mbele yake, ya pili kushoto. Akasukuma mouse kushoto ili mshale uvuke. Ukafika ukingoni, ukagoma. Akabadilisha waya. Akazima, akawasha, mara tatu. Akamkemea pepo wa Linux, in English, maana huyo pepo ni wa ng'ambo. Kushoto, ukuta. Kushoto, ukuta. Saa sita na nusu.

Now, mle dukani alikuwamo mama wa kupiga deki. Jamaa alikuwa amemwambia asimame kando asikanyage nyaya, wataalamu wako kazini. Akasimama na mopu yake, akitazama.

"Kijana wangu, hebu jaribu kulia."

"Auntie, skrini iko kushoto. Kulia ni dirisha."

"Naliona. Jaribu tu."

Akasukuma kulia, ndio amwaibishe. Mshale ukazama kulia, ukaibukia kwenye skrini ya kushoto.

Auntie akamweleza kwamba skrini ile ilikuwa inakaa dirishani, na ni yeye aliyeihamisha juzi mvua ilipoingia. Kompyuta haina macho. Bado inaiweka pale ilipoizoea, mpaka uiambie. Akamwelekeza kwenye settings, kwenye viboksi viwili vya skrini, hiki ukivute kipite kile, bonyeza Apply. Kwa miaka mitano alikuwa amemwona mfanyakazi aliyekuwa akikalia kiti kile akifanya hivyo.

Madam mwenye duka akaingia, akaona mshale unateleza huku na huku. "Graduate ni graduate," akasema. "Kazi umepata."

Wapendwa, hapo wewe ungesema nini? Mama yake jamaa alikuwa nyumbani, amefunga siku ya pili akimwombea.

"Si mimi, madam. Ni huyu."

Madam akageuka. "Miaka mitano, na hukuniambia unajua kompyuta?"

"Hukuwahi kuniuliza, madam. Uliniuliza kama choo ni kisafi."

Madam akavuta kiti, akamkalisha auntie. Na jamaa? Akapewa mopu. Mnacheka nini? Aliichukua. Sasa kila saa ya chai auntie anamfundisha Linux, na sakafu ya lile duka inang'aa, second class upper.

Sisi ndio ile kompyuta. Mtu alihama zamani, sisi bado tunamweka dirishani. Mimi nina digrii, lakini kwenye settings za kamati bado ni mtoto wa Sunday school, kazi yangu kupanga viti. Na msinipigie makofi, ninyi vijana, maana hata sisi tunao tunaowaambia wasikanyage nyaya zetu. Tunaomba Mungu afungue njia, huku tunasukuma upande uleule, halafu tunamkemea shetani ambaye hata hayupo.

Kuna mama anayefagia hapa kila Jumamosi, miaka saba sasa. Leo ameketi kule nyuma, kitambaa cha kijani. Msigeuke. Niambieni kwanza jina lake.

Nangoja. Mzee, hata wewe.