Kikapu cha Atuganile

Mmeshiba, sasa mnataka mfano. Kulima hamtaki, kusoma mnasukumwa, ila kudai hadithi hamchoki. Haya, nitausema mara moja, na atakayesinzia shauri yake.

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili, Ambakisye na mdogo wake wa kike, Atuganile. Mama yao aliuza maharage sokoni Tukuyu. Atuganile akipewa ungo achambue, aliuliza: tulipanda mekundu matupu, haya meusi yametoka wapi? Nyumbani hakuna aliyejua. Akaenda kuuliza shuleni, akauliza mpaka wakamfanya mwalimu wa biolojia chuoni. Hakubebwa na mtu, na hilo mlishike.

Darasani alikuwa mkali kwa namna yake. Mwanafunzi akiomba jibu, alimpeleka bustanini, akamwonyesha shina, akamwacha nalo. Wengine walilia. Waliorudi na jibu, hakuna aliyeweza kuwanyang'anya.

Miaka hiyo maharage matamu ya kwao yalikuwa yakioza mizizi yangali machanga. Yaliyohimili ugonjwa yalikuwa meusi, magumu, ya kumaliza kuni. Atuganile akachukua chavua, ule unga wa maua, ya haya meusi akaipaka kwenye maua ya yale matamu, kwa mkono wake, msimu hata msimu, akitafuta uzao wenye utamu wa mama na ubishi wa baba. Ambakisye akamcheka mbele za watu: "Tazameni, mwalimu mzima kawa mshenga wa maharage!"

Kisha uzao wa kwanza ukazaa. Mashina yote mazima, punje zote ganda moja, zinang'aa. Atuganile akazitia kikapuni. Alikuwa bado hajazipanda aone kila mtoto kamfuata nani.

Ambakisye alipokiona kikapu, kicheko kilimkauka. Akakiiba, akawagawia majirani, akasema mbegu ni yake. Wakamfanya mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Mbegu zao za zamani wakazipika.

Mvua zikaja. Ganda lilikuwa moja, damu haikuwa moja. Shina hili lilitambaa, lile likadumaa. Hili likazaa meusi magumu, lile likaoza kabla ya kutoa ua. Ambakisye akamwendea mdogo wake mbio, anahema, analaumu mbegu.

"Kaka, uliiba swali ukadhani ni jibu," Atuganile akamwambia.

Hakulia wala hakwenda kushtaki. Aliwatoa wanafunzi wake darasani, akaomba ruhusa kwa majirani, wakapita shamba kwa shamba wakifunga uzi kwenye kila shina lililosimama. Wakavuna, wakapika kidogo wakaonja, wakapanda tena yaliyostahili, na mwaka uliofuata wakachambua upya. Humo ndimo yalimotoka haya mnayokombeleza sufuriani mwangu, na hata asante hamsemi.

Ambakisye alivuliwa uenyekiti, lakini hilo ni dogo. Majirani hawakuwa na chakula wala mbegu. Ghala lake lilifunguliwa, akabeba mahindi yake kwa mgongo wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka sakafu ya ghala ikaonekana, huku wanawe wakishinda wakingoja yale maharage meusi magumu yaive. Na kwenye kila mlango, kabla hajaruhusiwa kutua gunia, ilimbidi ataje kwa sauti mbegu ile ilikuwa ya nani.