Kata ya Kwanza Kwenye Mtungi wa Sabili

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, maana mimi mwenyewe nilikuwapo, palikuwa na mtungi wa sabili Ngamiani, mjini Tanga. Bibi yangu Mwanakombo aliuweka kwenye kona ya nyumba yake, apitaye anywe bure. Mchuuzi alikunywa, hamali alikunywa, hata jirani aliyemnunia Bibi alikunywa, kisha akaendelea kununa. Msicheke, sikilizeni!

Bibi alikuwa na sharti lake. Kila mtungi ukisuguliwa na kujazwa upya, kata ya kwanza ya maji hupewa mtu mmoja, kwa shukrani, wala haigawanywi. "Nami nikiondoka," alisema, "atakayepewa kata hiyo ndiye atakayeurithi mtungi." Hakusema lazima awe ndugu.

Bibi akafariki. Shangazi yangu Mwanaidi akaishika kazi, ila kata ya urithi hakuna aliyethubutu kuitoa. Kila alfajiri alichota maji bombani, mtaa wa pili, akajitwika ndoo, akajaza mtungi. Kiangazi alijaza, masika alijaza, na mimba yake alijaza.

Kisha ikaja masika ya balaa. Nyumba ikaanza kuporomoka mbele ya macho yetu. Baba yangu mdogo, Shekue, fundi wa kushona, alipata nafasi ya kuingia mara moja tu. Cherehani yake ilikuwa ndani, riziki yake yote. Akaiacha. Akatoka na mtungi kifuani, na nyuma yake nyumba ikalala chini.

Tukatawanyika. Kiwanja kikapata mwenyewe mwingine, ghorofa likasimama. Mtungi ukakaa uvunguni kwa Baba Mdogo miaka na miaka. Nani angekumbuka? Alikumbuka Mzee Ngoda, msukuma mkokoteni, ambaye si damu yetu, alikuwa mnywaji wa maji ya sabili tu. Kila akipita pale alisimamisha mkokoteni, akasema kwa sauti: "Hapa ndipo kwa sabili ya Mwanakombo, Mungu amrehemu!" Watu wakazoea. Hata watoto waliozaliwa baada ya nyumba kuanguka wakawa wanaambiana, "Tukutane Kwa Sabili." Mwenye ghorofa, mgeni wa mji, akauliza jina hilo limetoka wapi. Alipoambiwa, akatuita. "Kona ni yenu," akasema. "Urudisheni mtungi."

Yaarabi, siku ile! Tulilia, tukacheka, tukalia tena. Wakaniachia mimi, mjukuu, nikausugua mtungi, nikaujaza, nikachota kata ya kwanza, ile ya urithi.

Shangazi akanyoosha mkono. "Lete, mwanangu. Utosi huu umeota sugu kwa ndoo. Mtungi bila maji ni udongo tu."

Baba Mdogo akasema, "Ahsante, dada, umewanywesha wengi. Lakini bila mtungi maji yako ungeyatia wapi? Mimi nilianza upya kwa sindano ya mkono kwa ajili yake."

Mzee Ngoda akatabasamu. "Nawashukuru nyote, nilikuwa na kiu mkaninywesha. Lakini ndoo zilikauka, na mtungi ulikuwa uvunguni. Sabili ilibaki mdomoni mwangu. Nisingeitaja, leo mngesimama wapi?"

Wote wakanitazama. Wote nawashukuru, na wote wanautaka mtungi. Nayo kata hii ya kifuu ina ufa, maji yananidondoka kiganjani. Haya, nyinyi hodari wa kucheka, semeni upesi kabla hayajaisha: nimpe nani?